Vidonge vya majira dukani bila kupitia kliniki: tubane au tuache?

Mleta mada, Mwanjelwa

Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, poleni na baridi. Hoja hii nimeisikia ikigombaniwa kwenye daladala ya Uyole, kwenye vikoba, na juzi baada ya ibada ya akina mama: mwanamke anayetaka vidonge vya uzazi wa mpango aende kliniki kwanza, au aingie famasi ama duka la dawa muhimu, aongee na mtoa dawa, alipe, aende zake nyumbani?

Msimamo wangu nautoa mapema ili msihangaike kuutafuta. Dukani ruksa. Ila siyo kwa namna tunavyofanya sasa.

Anayesema "tusiruhusu" amechelewa. Maduka ya dawa muhimu yalianzia huku huku kusini, mkoani Ruvuma, mwaka 2003, baada ya kuonekana kwamba maduka ya dawa baridi yanauza hata visivyoruhusiwa na muuzaji hajui anachouza. Watoa dawa wakafundishwa, wakaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, na vidonge vya majira vimo. Kwa hiyo pale Mwanjelwa mama hanunui kwa kificho. Anasema "nipe vya majira," anapewa pakiti, anarudishiwa chenji. Hakuna aliyemuuliza kama ana presha. Hapo ndipo ninapogomba.

Najua mtaniambia kliniki ya serikali ni bure. Ni bure kweli, na sitaki mtu aache kwenda. Lakini mchuma chai wa Mufindi analipwa kwa kilo, na siku ya foleni ni siku isiyo na kilo. Wa Matamba barabara ikikatika masika, pakiti inaisha na mimba haisubiri greda. Duka liko jirani na linafunga usiku.

Wengine walishatangulia. Uingereza mwaka 2021 iliruhusu mfamasia auze vidonge vya desogestrel bila cheti cha daktari, baada ya kumhoji mnunuzi. Marekani, majimbo kama California na Oregon yaliwaruhusu wafamasia kuandika wenyewe njia za homoni tangu 2016. Julai 2023 mamlaka ya dawa ya huko ikaidhinisha Opill, na mwaka uliofuata kikawa rafuni, hakuna cheti wala mahojiano. Sasa angalieni kitu kimoja ambacho watu wanakiruka: desogestrel na Opill vyote viwili ni vya homoni moja, projestini tupu. Vidonge vya homoni mbili vina estrojeni ndani, na estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mwanamke mwenye afya uwezekano huo ni mdogo. Kwa mwenye presha ya juu, au aliyevuka miaka 35 na anavuta sigara, au mwenye kile kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli, habari inabadilika kabisa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unayataja hayo yote. Unataja pia aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, mwenye saratani ya matiti, mwenye ugonjwa mkali wa ini, na anayenyonyesha mtoto ambaye hajafikisha wiki 6. Karibu yote ni mambo ya kuuliza. Kipimo kinachohitajika kabla ya vidonge ni kimoja, presha, na ikigonga 140 kwa 90 vya homoni mbili kwa kawaida havitolewi. Kitanda cha uchunguzi hakihitajiki.

Pendekezo langu ni hili: duka lenye mashine ya presha inayofanya kazi na kona ya kuzungumzia bila foleni kusikiliza, liuze vyote. Lisilo navyo liuze vya homoni moja tu. Karibuni mnipinge.

Muuguzi, Makete

Mleta mada, unaandika kama mtu wa mjini. Mwanjelwa mtu anaingia duka ambalo halimjui. Huku kwetu mwenye duka ni shemeji yako, au mnaimba naye kwaya moja. Unadhani mwanamke atamwambia huyo kwamba anameza dawa za kifua kikuu?

Nauliza kwa sababu inabadilisha kila kitu. Rifampicin, ambayo ipo kwenye dozi ya TB, inalifanya ini liziondoe homoni za vidonge mwilini haraka mno. Mama anameza kila siku kwa uaminifu na bado anabeba mimba, halafu kijiji kizima kinasema vidonge ni feki. Mtu wa hivyo mimi namshauri sindano ya miezi 3 au kitanzi, maana hivyo haviguswi na rifampicin. Dawa kadhaa za kifafa nazo ni hivyo hivyo. Muuza duka hauzi sindano wala hawezi kuweka kitanzi. Atauza alichonacho.

La pili, na hili watu wa Njombe hatuna haki ya kulisahau. Utafiti wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani kwetu ni asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea, tunaongoza nchi nzima. Kidonge hakizuii VVU. Mwanamke akija kliniki kwa uzazi wa mpango napata nafasi ya kumpima, nampa kondomu, na akikubali tunaangalia shingo ya kizazi. Ukimhamishia dukani, nafasi hiyo naipoteza, na siipati tena mpaka aje na mimba.

Na kuna wasiofaa vidonge hata kama afya yao ni chuma. Kidonge kinataka kumbukumbu. Kwa matumizi ya kawaida ya watu wa kawaida, wanawake kama 7 kati ya 100 hubeba mimba ndani ya mwaka. Kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, ni chini ya 1. Nani dukani atakayemshawishi mteja asinunue?

Mtoa dawa, Mbalizi

Dada Muuguzi, shikamoo. Mimi naitwa "muuza duka" kwenye maandishi yako lakini nilikaa darasani, nikafanya mtihani, na cheti kipo ukutani. Tusidharauliane.

Nitasema ninachokiona. Mama anakuja na pakiti ya vidonge 28, anauliza vile 7 vya kahawia ni vya nini. Namwambia ni madini ya chuma, havizuii mimba, vipo ili asipoteze hesabu. Wengi wanavitupa, wanakaa siku 8, siku 10, ndipo wanaanza pakiti mpya, na hapo ndipo mimba inaingia. Wengine waliandikiwa kliniki na hawakuelezwa, maana siku ile foleni ilikuwa ndefu. Sisemi kliniki zote. Nasema kuelezwa ni suala la muda, na muda wakati mwingine mimi ninao kuliko nyinyi.

Kitu ambacho hamjakitaja kabisa ni P2, kidonge cha kumeza baada ya tendo ili kuzuia mimba. Hiyo ndiyo inayotoka, hasa mwisho wa wiki, na wanaoinunua ni vijana. Inafanya kazi ndani ya saa 72 na kadiri unavyowahi ndivyo inavyosaidia. Ni ya dharura. Nina wateja wameigeuza njia ya kila siku, na nikiwaambia kuna vidonge vya kawaida vyenye uhakika mkubwa zaidi, wanasema "hivyo si ni vya wenye ndoa?" Mkibana vidonge vya majira dukani hawa hawaji Makete kupanga foleni. Watabaki na P2.

Halafu mleta mada: mashine ya presha ninayo. Faida ya pakiti moja ni ya kununulia andazi. Dakika kumi za kumuuliza mama historia ya mishipa yake nani ananilipa?

Baba wa mabinti, Kihesa

Kamwene. Nimewasoma wote, mna elimu, lakini mnazungumza kana kwamba wateja wote ni akina mama wa watoto wanne. Iringa ni mji wa vyuo na shule. Binti wa kidato cha tatu akiingia dukani na sare amevua, atauliziwa presha, atajibu vizuri, atapewa. Mimi mzazi niko wapi hapo? Hayati Rais Magufuli mwaka 2018 aliwaambia wananchi waachane na haya mambo ya uzazi wa mpango, na wengi tulimwelewa. Sipingi wenye ndoa. Napinga duka kuwa mzazi wa mwanangu.

Mama wa Vwawa

Baba yangu wa Kihesa, heshima yako, lakini hesabu za Songwe unazijua? Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani kwetu wameshawahi kubeba mimba, wakati taifa zima ni 22. Hawakufika hapo kwa kuuziwa vidonge. Binti huyo wa kidato cha tatu kliniki haendi, kwa sababu anayekaa kwenye benchi la kliniki ni jirani ya mama yake. Mimi nina wawili. Ningependa wasubiri, na nawaambia. Nisiposikilizwa, napenda zaidi akutane na mtu mwenye cheti ukutani kuliko rafiki yake wa bweni.

Dereva, Tunduma

Mimi nakaa njiani wiki mbili, mke wangu ndiye anayejua. Swali langu dogo: mbona hakuna aliyesema mwanaume naye aingie hiyo kona ya kuzungumzia? Kondomu hazipimwi presha.

Mleta mada

Dereva, umetuumbua wote, tuendelee.

Dada Muuguzi, hoja ya shemeji mwenye duka ni nzito na sina dawa yake. Kwenye kijiji chenye duka moja, zahanati itabaki kuwa na siri zaidi. Lakini uliposema "atauza alichonacho", hilo linatibika kwa amri: duka liwe na karatasi ya rufaa, na swali la TB na la kifafa yawe ya kwanza, kabla hata ya presha. Kuna aliyeniandikia pembeni kwamba pakiti ya kwanza itoke kliniki na zinazofuata zitoke dukani. Inavutia, ila inaweka ukuta pale pale wanapokwama. Mchuma chai wangu akifanikiwa kufika kliniki mara moja ni heri umwekee kijiti siku hiyo hiyo, akae miaka.

Baba wa Kihesa, sitakujibu kuhusu malezi kwa sababu duka haliwezi kulea na halijawahi kuomba hiyo kazi. Binti anayeingia dukani ameshaamua. Kilichobaki ni kama atatoka na maelezo au na P2 ya sita mwezi huu. Na kauli ya 2018 haikuzifunga huduma hizi. Kliniki ziliendelea kutoa.

Mtoa dawa, la malipo ndilo linaloniumiza kichwa. Uingereza serikali inamlipa mfamasia kwa mashauriano. Kwetu nani atamlipa na kwa fungu lipi, hasa baada ya Marekani kukata misaada mwanzoni mwa 2025?

Muuguzi, Makete

Marahaba mtoa dawa, na samahani kwa "muuza duka".

Karatasi ya rufaa naikubali, kwa sharti moja: iende pande zote mbili. Wewe ukimkuta ana presha umlete, mimi nikimpima na kumwona anafaa nimwandikie kwenye kadi, namba ya presha na aina ya kidonge, aje kuchukua kwako asirudi kupanga foleni. Hilo linaweza kuanza hata kesho bila sheria mpya. La Baba wa Kihesa sitamjibu hapa, nitamjibu kanisani.

Mtoa dawa, Mbalizi

Nakubali. Kadi nachapisha mimi. Ila kwenye hiyo kadi msiandike kwa juu "uzazi wa mpango" kwa herufi kubwa. Wateja wangu wengi pakiti wanaificha kwenye debe la unga.