Mrejesho: presha, chumvi na kichwa kinachonikatisha tamaa

Wakuu, mwezi juzi niliomba ushauri: presha 150 kwa 95, daktari kasema nipunguze chumvi na nitembee, ila kila nikianza kichwa kinaniambia "utaacha tu, kama kawaida yako".

Mmoja wenu alisema nisibishane na hilo wazo, ila niwe nalijibu kwa jambo la kweli. Sasa likija nasema: "Labda, ila leo nimeshatoka Mwenge mpaka Makumbusho kwa miguu." Yale ya kujiambia "mimi ni shujaa" yalinishinda, nilijiona mwongo.

Wiki ya 3 nilikula chipsi zenye chumvi kibao siku 2 mfululizo. Zamani ningesusa, safari hii nikaendelea. Jana: 138 kwa 88, dawa bado nameza. Kachumbari bila chumvi? Bado siipendi, siwadanganyi.