Mtoto wa siku sita ana jino, na ndugu wanataka kuling'oa

Mama Pasua (Moshi)
Wazazi wenzangu, naombeni msaada. Nilijifungua Jumanne iliyopita, binti, kilo 3.1. Juzi usiku namnyonyesha nikashtuka kwa maumivu. Nikamulika na simu: fizi ya chini, mbele kabisa, kuna jino. Dogo kama punje ya mchele, la njanonjano, ukiligusa linacheza. Ziwa la kushoto limeshachanika. Mama mkwe, aliyekuja kunilea uzazi, anasema mtoto ni kigego, yaani wa mkosi, na kwao kuna bibi wa kuling'oa kwa wembe. Namheshimu sana, mtori wake ndio umenirudishia nguvu, lakini moyo umekataa.

Mama K, Kiborloni
Pole mdogo wangu. Wa kwangu wa pili alizaliwa nalo. Kosa langu: aliota kidonda cheupe chini ya ulimi, kama dengu, nikadhani ni utando wa maziwa, nikapoteza wiki nzima napaka dawa. Kumbe jino lilikuwa linausugua ulimi kila akinyonya. Mwinue ulimi uangalie leo hii. Daktari wa meno alilisaga makali tu, mtoto hakulia hata, na jino likabaki.

Tabibu wa meno, Arusha
Mama, hao watoto wapo, hukadiriwa 1 kati ya 2,000 hadi 3,000, na si mkosi. Mara nyingi ni jino la utotoni lenyewe limewahi. Likitolewa, pengo litakaa hadi la kudumu liote, miaka 6 au 7. Eksirei itaonyesha. Ila likicheza sana linaweza kung'oka likaingia njia ya hewa, hapo tunalitoa. Chini ya siku 10 damu ya mtoto haigandi vizuri, kwa hiyo njoo na kadi tuone kama alichomwa vitamini K. Wembe wa kijijini ni ule ule wa "meno ya plastiki", yale yanayodhaniwa kumletea mtoto homa na kuharisha: unaleta pepopunda, unaua na meno yaliyo ndani ya fizi. Usiache kunyonyesha. Ziwa lenye kidonda kamua, mpe kwa kikombe.

Mama Pasua
Mungu awabariki. Nimeinua ulimi, hakuna kidonda. Kadi imeandikwa alichomwa. Kesho saa moja bajaji inatufuata. Nimemsomea mama mkwe yote haya. Amenyamaza muda mrefu, kisha akasema mtoto atampakata yeye.