Naomba ushauri: mpiga viola mgeni apewe sehemu ipi?

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Hapa Moshi tuko wanne: fidla mbili, viola (kama fidla, ila kubwa kidogo na yenye sauti ya chini zaidi) na selo. Mwezi ujao anatujia mpiga viola kutoka Nairobi, tupige naye kwinteti (muziki wa wapigaji watano) ya Mozart ya G ndogo (G minor), K. 516 katika orodha ya kazi zake, ya mwaka 1787, inayotaka viola mbili. Mwanzoni tu fidla ya kwanza inalalamika, kisha viola ya kwanza inaupokea wimbo uleule chini zaidi. Naipenda mno sehemu hiyo!

Sasa, dada yetu wa viola ameifanyia mazoezi sehemu hiyo ya viola ya kwanza tangu Januari. Desturi ya kwetu mgeni hupewa kiti cha mbele, yaani hapa viola ya kwanza. Nimwambieje dada bila kumvunja moyo? Au mgeni apige viola ya pili? Waliowahi kualika mgeni, mlifanyaje?