Kuku wanauawa bandani usiku: ni mbweha au kicheche, na nianze kuziba wapi?

MfugajiManyoni
Wakuu, habari za jioni. Nina kuku wa kienyeji 40 hapa Manyoni, Singida. Banda ni la mabanzi, mita 2 kwa 3.5, paa la bati, sakafu ya udongo. Mbele nimeweka ule wavu wa kuku wa matundu ya pembe sita. Asubuhi ya leo kuku sita wamekutwa wamekufa humo ndani, wanne hawana vichwa, na hakuna aliyebebwa. Wiki iliyopita majike wawili walipotea kabisa, yakabaki manyoya tu kuelekea korongoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Huku wengine wanasema mbweha, wengine kicheche, kale kanyama keusi chenye milia myeupe. Bajeti ya kujenga upya haipo. Nianze wapi? Na sumu inasaidia?

Bandani_Kwanza
Pole sana mkuu. Kwa maelezo yako, hao ni wezi wawili, si mmoja.

Majike wawili waliopotea na kuacha manyoya njiani, hiyo ni kazi ya mbweha au mbwa. Mbweha hukamata kuku aliyechelewa kurudi, jioni giza linapoingia au alfajiri ukishafungua mapema, kisha humbeba akamlie mbali. Mbwa wa mtaani kwa kawaida hukimbiza na kuua wengi, huwatupa hapo hapo na hali sana. Watu humlaumu mbweha kwa kazi ya mbwa wa jirani mara nyingi kuliko wanavyodhani. Yule mbweha masikio unayemwona porini usiku mwondoe kwenye orodha, chakula chake kikubwa ni mchwa na wadudu.

Waliouawa ndani ni suala jingine. Kuku gizani haoni, akishalala hakimbii, kwa hiyo mnyama mdogo akipata tundu anaua mmoja baada ya mwingine maana wanapapatika mbele yake na hawana pa kutokea. Kukosa kichwa kuna sababu mbili, na jibu liko mahali mzoga ulipolala:

- Mizoga iko kando ya wavu: aliyeua hakuingia. Kuku walilala wameegemea wavu, akavuta kichwa kupitia tundu. Sogeza fito za kulalia ziwe sentimita 40 au zaidi kutoka kwenye wavu.
- Mizoga iko chini ya fito au kwenye kona: aliingia. Kanu (mnyama mwembamba kama paka, mwenye madoa na mkia mrefu, hodari wa kupanda miti) na kicheche hupenda kula kichwa, shingo na kifua, kisha huacha mwili kwa sababu hautoki kwenye tundu aliloingilia.

Leo jioni chekecha majivu, uyatandaze upana wa nusu mita kuzunguka banda lote. Alama kama ya mbwa mdogo, ndefu sentimita 5 hivi, yenye ncha za kucha, ni mbweha au mbwa. Alama ndogo ya mviringo kama ya paka isiyo na kucha ni kanu. Kucha ndefu za mbele zilizochimba chini zinaelekeza kwa nguchiro au kicheche, na kicheche utamjua pia kwa harufu. Ukiona mstari wa mkia kati ya nyayo, huyo ni kenge. Mayai kupotea bila ganda kubaki mara nyingi ni nyoka. Nguchiro mwenye milia hupasua yai kwa kulirusha nyuma kwenye jiwe, kwa hiyo tafuta maganda karibu na mawe.

MfugajiManyoni
Asante mkuu. Nimekwenda kukagua: wote walikuwa chini ya fito, mbali na wavu. Ukuta wa nyuma, kati ya mabanzi na bati, kuna upenyo unaoingia vidole vinne, na kwenye ukingo wa bati kuna manyoya ya kijivu ya mnyama, si ya kuku. Mti wa mwarobaini una tawi juu ya paa.

FundiMabanda
Basi huyo ni kanu, na njia yake umeshaitaja mwenyewe. Watu wanaziba chini tu, huku juu kumeachwa "kwa ajili ya hewa". Kanu anapita popote kichwa chake kinapopita.

Kazi ya kwanza ni hiyo ya juu. Nunua wavu wa kuchomelea wenye matundu ya nusu inchi. Usinunue ule wa plastiki, panya anautafuna. Kata vipande vya upana wa sentimita 30, vikunje vipite juu ya banzi la mwisho na chini ya bati, uzungushe banda zima. Hewa itapita kama kawaida. Usitegemee misumari peke yake: weka misumari ya U kila sentimita 10, halafu pigilia ufito wa mbao juu ya ukingo wa wavu. Wavu ulioshikwa na misumari iliyoachana sentimita 30 unavutwa ukatokea upenyo katikati, na wewe utaona misumari yote ipo ukadhani pako salama.

Tawi la mwarobaini likatwe libaki angalau mita 2 kutoka kwenye paa. Nguzo zozote za nje zivishwe kipande cha bati laini cha sentimita 60, kianzie mita moja kutoka chini. Kanu hapati pa kushika kucha.

Mbele: wavu wa pembe sita umetengenezwa kumzuia kuku asitoke, haumzuii mbwa wala mbweha asiingie. Waya wake umesokotwa tu, ukikatika sehemu moja unafumuka. Huna haja ya kuung'oa. Uache, juu yake ongeza wavu wa kuchomelea wa geji 16 (kipimo cha unene wa waya) kutoka chini hadi mita moja. Sehemu ya juu inaweza kusubiri mwezi ujao.

Chini: kwa sakafu ya udongo usichimbe mtaro kwanza. Laza wavu juu ya ardhi kutoka ukutani kwenda nje, upana wa sentimita 50 hadi 60, uushone kwenye wavu wa ukuta kwa waya wa kufungia nondo kila sentimita 15, kisha upange mawe juu. Mnyama anachimba pale pale mguu wa ukuta unapogusana na ardhi. Akikuta waya harudi nyuma nusu mita akaanze upya. Uliofukiwa huoza kwa kutu bila wewe kuona, huu wa juu unaukagua.

Kona za wavu zipishane sentimita 10 na kushonwa. Hapo ndipo mafundi wengi wanadanganya.

Mlango nao: kipande cha mbao kinachozunguka kwenye msumari si kufuli. Weka komeo mbili, juu na chini. Komeo moja ya katikati inaacha kona ya chini inasukumika, na upenyo mdogo tu unamtosha mnyama kupita.

Umeme_wa_Jua
Wenye eneo kubwa, uzio wa umeme wa jua unamzuia mbweha vizuri zaidi kuliko kuta. Nyaya tatu kwa urefu wa sentimita 15, 30 na 45 kutoka chini, ziwe sentimita 20 hivi nje ya wavu. Kipimo kisipungue volti 3,000. Nyasi zikigusa waya wa chini umeme unakwisha, fyeka kila wiki wakati wa mvua.

FundiMabanda
Nakubaliana kwa mbweha, ila kwa Manyoni ongeza jambo la kiangazi. Ardhi ikikauka kabisa, umeme haurudi kwenye mashine kupitia udongo, mnyama anagusa na hasikii kitu. Ama uweke fimbo tatu za ardhini za mita moja, zikiachana mita 3, na umwagie maji, ama waya wa katikati uunganishe na fimbo badala ya umeme ili akigusa nyaya mbili apigwe. Kanu kwenye mti hata hivyo utakuwa hujamgusa.

Bandani_Kwanza
Kuhusu sumu, acha kabisa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kuua wanyamapori kwa sumu. Na chambo hakichagui: atakula mbwa wako, paka wa jirani, kisha tai atakula mzoga. Ukimtoa kanu mmoja na tundu likabaki, mwingine atachukua eneo lake. Akizidi, mwone afisa wanyamapori wa wilaya.

Taa za kumetameta na redio husaidia kwa siku chache hadi wamezoea. Ukizitumia, hamisha mahali kila baada ya siku mbili tatu.

Kingine cha muhimu kuliko kuku: mbweha au nguchiro anayekaribia watu bila woga, anayumba au anauma ovyo, msimkaribie. Huenda ana kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na hospitali siku hiyo hiyo.

MfugajiManyoni
Nimewaelewa. Mizoga je? Na nina jike anaatamia kichakani nje.

FundiMabanda
Zika kina cha sentimita 60 au zaidi, mbali na banda, weka majivu mengi, na mawe juu. Kuitupa korongoni ni kumfundisha mbweha njia ya kwako.

Jike mhamishe usiku, si mchana, pamoja na mayai yake, umfunike kwa tenga siku mbili asirudi kichakani. Vifaranga wakitoka wakae ndani hadi wiki ya sita, maana mchana kuna mwewe na nguchiro.