Mbegu za asili au F1 kwa bustani ya mboga hapa Mwanza, nyie mnatumia ipi?

luchelele_bustani:
Wakuu habari za jioni. Nimepata kaeneo huku Luchelele, matuta machache tu, maji yapo, nataka nyanya, mchicha, bamia, maboga na kabichi, tule nyumbani na kitakachozidi niwauzie majirani. Sasa duka la pembejeo wananiambia chukua F1 tu, yaani chotara, hizo nyingine unapoteza muda, mama mkwe naye kanitumia vifurushi toka Ukerewe, nyanya ndogo za kienyeji, mgagani na maboga, anasema mbegu ni hizi, za dukani utanunua mpaka uzeeke. Nishaurini, na kama kuna anayechanganya aseme anachanganyaje.

ngosha_kisesa:
Kwa nyanya chukua F1 mkuu. Huku kinachotumaliza ni rasta, majani yanajikunja yanakuwa ya njano mmea unadumaa, ni kirusi kinaletwa na nzi weupe na kikishaingia hakuna dawa ya kukitoa, unabaki kung'oa tu. Assila F1 inakivumilia, na matunda yanatoka saizi moja, ukifika sokoni Igoma dalali hakusumbui. Bei yake ndo chungu, zinauzwa kwa kuhesabu punje, kwa hiyo sia kwenye trei punje moja moja, usimwage kitaluni kama mchicha. Na ujue F1 inataka matunzo, mbolea ikikosekana na maji yakiwa ya leo yapo kesho hayapo utavuna sawa na aliyepanda za kienyeji halafu wewe umeshatoa hela nyingi.

mama_buswelu:
Mwanangu, ngosha hajakosea ila yeye anaongelea soko, wewe umesema kula nyumbani. Mgagani, mnavu, kunde, hizo panda za asili wala usijiulize mara mbili. Kunde unachuma majani wiki hata wiki, yakizidi unayakausha, ndo nsansa hiyo, mnakula kiangazi, na mbegu unabaki nayo. Hizo nyanya za mama mkwe usizidharau, ni ndogo na haziwezi safari ya gari lakini mchuzi wake hauhitaji nyanya ya kopo.

Kitu kinachoniuma mimi ni kwamba zamani ukitaka mbegu ya mgagani unaenda kwa jirani unapewa kwenye kitambaa, sasa hivi unazunguka mtaa mzima kila mtu anasema aliacha kupanda. Mbegu ukiiweka tu kwenye kibuyu bila kuipanda miaka inapita inakufa yenyewe, haioti tena. Panda hizo za Ukerewe hata tuta moja, na ukivuna mrudishie mama nyingine, akipoteza zake awe na pa kuzipata.

bwanashamba_magu:
Naomba niongeze kitu kwa sababu watu wanafanya kama mbegu ni aina mbili. Kuna za asili, kuna F1, na katikati kuna zilizoboreshwa ambazo siyo chotara, watu wanaziita OPV. Tanya na Tengeru 97 zilitolewa hapa hapa Tanzania mwaka 1997, ngozi ngumu zinastahimili kusafirishwa, na unaweza kukamua mbegu ukapanda msimu ujao ukapata nyanya ile ile. Roma VF pia ni OPV, hizo herufi V na F ni magonjwa mawili ya mnyauko ambayo inayavumilia, kwa hiyo siyo kweli kwamba uvumilivu wa magonjwa uko kwenye F1 peke yake.

F1 ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti waliochaguliwa, ndo maana inafanana shamba zima. Ukikamua mbegu yake ukapanda, watoto wanatawanyika, huyu kamfuata bibi huyu babu, mwingine ugonjwa unamwangusha mapema. Na siyo GMO, zile za kubadilishwa vinasaba maabara, naona watu wanachanganya sana hapo, ni uchavushaji wa kawaida tu ila umesimamiwa.

Kabichi we nenda dukani bila mawazo. Ili itoe maua inahitaji wiki kadhaa za baridi kali ambayo Mwanza hatuna, kwa hiyo iwe F1 iwe ya kawaida mbegu hutaivuna. Gloria F1 wengi wanaiweza.

luchelele_bustani:
Asante bwana shamba, hiyo ya katikati nilikuwa siijui kabisa. Na kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake wanatoboa nyanya, je? Kuna F1 ya kumzuia?

ngosha_kisesa:
Kantangaze habagui mkuu. Tangu ameingia nchini 2014 anakula zote, ya asili na ya bei mbaya. Toa majani na matunda yaliyotobolewa kila siku uyafukie mbali, usiyaache pembeni ya tuta, na weka mtego wa harufu wa kunasa madume.

dada_sangabuye:
Mimi niko OPV kwa nyanya na sababu ni moja, niliwahi kuuziwa F1 feki, pakiti nzuri kabisa, imeota nyanya mchanganyiko wa kila sura. Ukienda na F1 angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, kuna namba unakwangua unahakiki kwa simu, fanya hivyo ukiwa bado dukani.

Kukamua mbegu ya nyanya, chagua MMEA mzuri siyo tunda zuri, ule uliozaa sana na haukuumwa, weka alama mapema familia isije ikachuma. Tunda likiiva sana kamua kwenye kikombe, acha siku mbili tatu ichachuke ule ute utoke, osha, anika kivulini. Chupa kavu yenye kifuniko, majivu kidogo. Nyanya hujichavusha yenyewe kwa hiyo haisumbui. Maboga ndo kazi, nyuki anatoka kwa jirani na poleni ya boga jingine, na mchicha unachavushwa kwa upepo, ule wa porini ukiwa karibu unaingia humo humo, kwa hiyo ng'oa wa porini kabla haujatoa maua.

Na kama hilo eneo liko ufukweni pima kwanza, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ziwani.

luchelele_bustani:
Liko juu kabisa dada, usiwe na wasiwasi. Basi nimeamua hivi, kabichi F1, nyanya tuta moja Tanya na tuta moja za mama mkwe ziwe mbalimbali, mgagani na maboga za Ukerewe zote. Assila nitajaribu nikishazoea. Bamia tu ndo sijajua.

mama_buswelu:
Bamia chukua Clemson Spineless, nayo siyo chotara. Mimea miwili mitatu iliyozaa vizuri usiichume, acha matunda yakaukie juu mpaka yaanze kupasuka ndo utoe mbegu. Mvua za vuli zikianza uwe umeshaandaa matuta na samadi iwe imeoza, mbichi itakuunguzia miche.