Mrejesho: ile orkidi yenye kunukia shokola

Bandugu, niliwauliza orkidi yangu ya maua madogo mekundu na meupe, yenye kunukia shokola, wazazi wake ni gani. Etiketi tuliipata chini kabisa ya chungu, imeandikwa Sharry Baby! Basi nikatafuta kwenye rejista ya RHS ya London (shirika la bustani la Uingereza), ndio wanaoandikaga mahuluti, ni kusema mimea ya kuchanganywa, ya orkidi ya dunia yote: wazazi ni Oncidium Jamie Sutton na Oncidium Honolulu, iliandikwa 1983, mama njo anaandikwa wa kwanza. Ile orkidi yangu ingine, falenopsisi nyeupe, haina etiketi, iishie hapo, kwa sura ya ua tu wazazi hawajulikani. Na mama mwenye alisema nipandie mawe ya volkano na makala, aksanti, mawe hapa Goma si ya kununua, mizizi imechangamuka.