Kitreni changu cha nyumbani kinakwama kona ileile kila siku, na video zinatoka kama za mwanasesere. Nisaidieni wadau

mkaa_uani:
Wakuu salaam. Mie niko Tanga hapa Raskazone, nina chumba cha uani nimekigeuza reli, msinicheke. Ni pleiwudi moja ya futi 8 kwa 4, treni ni ya skeli ya HO ile ya 1 kwa 87, yaani ndogo mara 87 kuliko ya kweli, nimejaribu kuiga njia inavyotoka stesheni ya Tanga inapita Pongwe hadi Muheza halafu nyuma kabisa nikaweka kilima cha Usambara. Sasa shida ya kwanza, treni ikifika kona ya mbali na transfoma inalegea kama mtu mwenye homa halafu inasimama, ukiisukuma na kidole inaenda kidogo inasimama tena. Nimepiga reli msasa mara tatu ndio kwanza inazidi. Aliyeniuzia seti aliniapia kwamba reli hazishiki kutu, miezi minne tu nishaona madoa.

Shida ya pili video. Narekodi na simu nimesimama hivi, nikaweka status, dogo wa jirani akaniuliza "hiyo umemnunulia mtoto gani?" Nikanyamaza maana mtoto mwenyewe ndio mie.

Na kilima nilikitengeneza kwa yale maboya meupe yanayokuja na friji, nikapulizia rangi ya kopo ya kijani, wallahi kikaanza kunywea mbele ya macho yangu kama sukari kwenye chai. Sasa Usambara ina pango ambalo sikulipanga.

fundi_wa_solda:
Shekhe kwanza weka msasa chini. Msasa unaacha mikwaruzo midogo juu ya reli, uchafu unakaa mle mle na magurudumu yanazidi kuusambaza. Chukua kitambaa cha pamba, kitie spiriti, pangusa, basi. Halafu Raskazone upepo wa bahari unaingia hadi kabatini kwa hiyo kama reli zako sumaku inazishika ujue ni chuma na zitapata kutu tu, za kutafuta ni zile za nikeli silva, ni shaba iliyochanganywa nikeli na zinki, jina tu ndio silva lakini fedha haimo.

Ila kinachosimamisha treni nadhani sio kutu ya juu, ni viungio. Umeme wako unatoka transfoma unapita kipande kwa kipande kupitia vile vibati vidogo vya kuungia reli, kila kibati kikishika kutu kidogo kinakula umeme wake, ukifika kona ya mbali kimebaki cha kuombea. Chukua multimita, kile kipima umeme, upime volti pale waya unapoingia kisha upime kule inakokwama, lakini pima huku kichwa cha treni kiko palepale kinavuta, ukipima reli tupu bila mzigo itakudanganya utaona volti 12 kila mahali.

Dawa yake ni kupitisha waya mbili nene chini ya meza kuzunguka njia yote, halafu kila baada ya mita moja hivi toboa tundu, pandisha vijiwaya vyembamba viwili uvichomelee kwa solda ubavuni mwa reli, upande wa nje usigonge gurudumu. Reli ya ndani nyekundu, ya nje nyeusi, na usichanganye hata mara moja maana ukichanganya ni shoti na utatafuta kosa hadi alfajiri, mimi nilishalala chini ya meza na tochi mdomoni nikitafuta waya mmoja tu niliouchomelea kinyume.

bi_katani:
Pole na kilima kaka 😂 rangi za kopo zina kimiminika kinachoyeyusha boya, tumia rangi za maji za ukutani. Hilo pango usilizibe, bandika magazeti na gundi juu yake liwe handaki.

Halafu umekaa Tanga unahangaikia majani ya kununua? Chukua katani. Kata vipande vya nusu sentimita, loweka kwenye rangi ya kijani iliyopooza, vingine kwenye chai ya rangi vitoe majani makavu ya kiangazi, kausha juani, bandika vishungi vidogo vidogo vikiwa vimesimama. Na shamba la mkonge lenyewe kata karatasi ngumu vijani vyenye ncha, mistari iliyonyooka kama rula, maana ukipita Muheza au Korogwe cha kwanza unachoona ni ile mistari.

Kokoto za kwenye mataruma usichote mchanga wa ufukweni. Una chumvi, na mwingine una chembe nyeusi zinazonasa kwenye sumaku ya mota. Tafuta vumbi la kokoto, chekecha na chujio la chai. Gundi nyeupe ya mbao changanya na maji nusu kwa nusu, tone la sabuni ya vyombo ili izame, dondosha na bomba la sindano.

njia_ya_mita:
Samahani nawaharibia sherehe. Reli ya Tanga iliyoanza kujengwa 1893 ni ya upana wa mita moja. HO yako ina milimita 16.5, zidisha kwa 87 unapata 1435, ndio upana wa ile reli mpya ya SGR. Kwa hiyo mkuu ulichojenga ni SGR, na SGR yenyewe Tanga haijatia mguu. Ukitaka haki tafuta reli za milimita 12.

bi_katani:
@njia_ya_mita mwache mtu wa watu, treni haijazunguka hata mara moja wewe unapima upana

jicho_la_simu:
Nimekuja kwa ajili ya video. Kosa lako ni kwamba umesimama. Hakuna anayeitazama treni ya kweli akiwa juu kama kunguru. Igeuze simu juu chini ili lenzi iwe karibu na meza, iwe usawa wa macho ya mtu wa 1 kwa 87, yaani sentimita mbili hivi, video utaigeuza baadaye. Bonyeza kioo ukishikilie mpaka fokasi ijifunge, la sivyo simu itahangaika kila behewa likipita.

Ya pili, spidi, na hapa ndio wengi tunaumbuka. Treni ya kweli ikienda kilomita 40 kwa saa, kwa skeli yako ni kama sentimita 13 tu kwa sekunde, mita moja ichukue sekunde 8. Hesabu na saa uone, utashangaa ulivyokuwa unaikimbiza. Kama usiku taa zinacheza kwenye picha, weka shata, yaani muda wa kamera kunasa kila picha, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde maana umeme wetu ni hezi 50. Na zima feni, inasikika kuliko treni.

mkaa_uani:
Nimerudi baada ya wiki mbili. Nilipima: transfoma volti 11.6, kona 6.8. @fundi_wa_solda Mungu akuweke, nimechomelea pea sita, nimeungua vidole viwili, inazunguka bila kusita. Handaki limebaki. @njia_ya_mita nimeandika SGR kwenye kibao cha stesheni ili tusigombane.

Video ya kwanza ya usawa wa chini nimerekodi jana usiku, treni inakuja taratibu kutoka handakini, katani inaonekana, safi kabisa, halafu mjusi kafiri akatoka nyuma ya stesheni akavuka reli mbele ya treni. Kwa skeli ile ni mamba wa mita nane. Nirekodi upya au niiache?

jicho_la_simu:
Ukiifuta tutakugomea.